Boila la Mzee Hhando

Wahenga hawakusema kawia ulale. Walisema kawia ufike, maana yake afadhali uchelewe njiani, lakini ukifika uwe mzima na ulichokibeba kiwe kizima. Anayebisha na aende Karatu, amuulize Emilian, dereva wa watalii, habari za boila la dada yake.

Dada huyo, Selestina, alikuwa fundi wa kuziba rejeta za magari zinazovuja maji. Baba yao, Mzee Hhando, ujanani alikuwa akichochea moto katika treni ya mvuke. Sasa macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alikwisha kusema wazi kwamba hayatarudi. Mzee hakulalamika. Aliomba jambo moja tu: "Wanangu, kabla giza halijanifunika, nataka kuona tena gurudumu likizungushwa na mvuke."

Selestina akajifunga kibwebwe. Akaunda injini ndogo ambayo gurudumu lake lilikuwa kama kisahani cha chai. Likabaki boila la kuchemshia maji, akaanza kulitengeneza kwa kipande cha bomba la shaba.

"Tumia lehemu ya bati, dada, tumalize leo," Emilian akasema. Kazi ya kuwahi lango la Ngorongoro kila alfajiri ilikuwa imemzoesha kukimbizana na saa. "Rejeta yangu uliiziba kwa bati, na gari linapanda mlima. Macho ya baba hayasubiri!"

"Rejeta hupozwa na upepo, mdogo wangu. Hili litakaa juu ya moto. Maji yakipungua, bati litayeyuka, halafu tutazungumza mengine."

Basi akaagiza kutoka Arusha lehemu ya fedha, inayostahimili moto kuliko bati. Ikachelewa. Ilipofika, aliipasha shaba kwa moto wa gesi hadi ikaiva nyekundu, akaigusisha lehemu kwenye mshono. Lo! Kufumba na kufumbua ilikuwa imekimbia kuuzunguka mshono wote, ikimetameta. Selestina mwenyewe alisahau kupumua. Miaka yote ya kuziba rejeta hakuwahi kuona madini yakitii namna ile.

Emilian alikwisha kushika kiberiti. "Bado," dada akamzuia. Akalijaza boila maji baridi, akayasukuma kwa pampu ya mkono hadi geji ya kupimia msukumo ikaonyesha nguvu maradufu ya ile ambayo mvuke ungetoa. Kwenye kitako likachomoza tone.

"Tone moja!" Emilian akafoka. "Unamnyima baba macho yake kwa ajili ya tone?"

"Maji baridi yakipata upenyo hutoa tone. Mvuke ukiupata hutoa roho." Akaubandua mshono, akaanza upya.

Alisema kijasiri, lakini moyo ulimwuma. Kesho yake baba alimpokea mlangoni akamwita "Emilian", akimdhania ni mdogo wake. Selestina akaenda nyuma ya karakana, akalia kwa kwikwi, akihofu kwamba kweli amechelewa. Kisha akanawa uso, akarudi kazini.

Siku boila lilipostahimili maji bila kutoa hata jasho, walilipeleka uani. Spiriti ikawashwa chini yake. Maji yakaanza kunong'ona, kisha kuguna. Selestina akafungua vali. Gurudumu likasita, likajitikisa, likazunguka! Majirani waliokuwa wakipiga soga wakaja kuchungulia. Hakuna betri wala petroli, maji na moto tu, na kitu kinakwenda kana kwamba kina uhai!

"Sioni," mzee akasema.

Selestina akanyoosha mkono afunge vali. Lakini mzee alipiga magoti, akasogea, akasogea tena, mpaka uso wake ukawa umbali wa kiganja tu kutoka kwenye ile shaba. Hapo, na hapo tu, macho yake yalikuwa bado yanafika. Akatulia. Mng'ao ukamjaa usoni, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

"Linazunguka," akanong'ona. "Ee Mungu wangu, linazunguka! Umenionyesha, mwanangu, na mimi nimeona."

Emilian alimtazama baba yake aliyeuinamia mvuke kwa karibu namna ile. Akakumbuka bati, akakumbuka lile tone. Akakaa vumbini.

"Dada," akasema, "mimi ningemuua baba."

Tangu hapo, watalii wakimhimiza akimbize gari wawahi lango, Emilian hupunguza mwendo na kuwajibu kwa Kiswahili, waelewe wasielewe: kawia ufike.