Wajina Watatu wa Mtoto wa Chipata

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na aliyesinzia aguswe bega. Leo sitafuti sifa ya kusimulia, natafuta hukumu. Mimi Swalehe, fundi wa mashine za kusaga, mzaliwa wa Kondoa, nimekosa mara tatu kwa mdomo huuhuu, na kesho asubuhi nitaulizwa swali moja ambalo jibu lake sina. Mwenyezi Mungu anajua niliyoyafanya. Nataka na nyinyi mjue.

Katika kisa hiki wamo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni mama mkwe wangu, Bi Mwajabu. Huyu alipewa sikio. Macho yake yana ukungu, lakini ukifungwa mlango nyumba ya tatu kutoka kwake, atakuambia aliyetoka ni nani, na kama ametoka na hasira.

Wa pili ni dada yangu mkubwa, Kuruthumu. Huyu alipewa mguu. Habari ya mahali haiamini mpaka apakanyage mwenyewe.

Wa tatu ni Amai Tiyamike, 'amai' kwa Kinyanja ni mama, mjane wa huku Zambia, ambaye si ndugu yetu wala si wa dini yetu. Huyu alipewa mlango. Hajui kuufunga kama kuna mtu nje.

Na mimi nilipewa nini? Nilipewa mdomo.

Mwaka jana kampuni yetu iliniambia nihamie Zambia na familia yangu, nikafunge mashine na kuzitengeneza. Wakanipa fomu: "Chagua mji mmoja wa mkoani." Miji ilikuwa mitatu. Miwili sitaitaja jina, maana kusengenya mji ni kusengenya wenyewe. Mmoja nitauita mji wa reli, mwingine mji wa daraja. Wa tatu ni Chipata, jirani na mpaka wa Malawi.

Wakati huo mke wangu, Mwanahawa, alikuwa mjamzito. Tuna watoto wawili, Zuhura na mdogo wake, lakini baada yao mimba mbili zilikuwa zimetoka. Mkunga alitukazia macho, akasema na mimi, si na mke wangu: "Baba Zuhura, huko mnakokwenda mkae karibu na hospitali. Karibu ya miguu. Si karibu ya mdomo."

Nilimwitikia vizuri sana. Nikarudi nyumbani nikatia alama mji wa reli. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya mji wa reli ilikuja na pikapu nyeupe. Mungu anisamehe, nilishajiona nimekaa kwenye usukani, mkono umetoka dirishani. Halafu nikatandika msala, nikaswali swala ya kumwomba Mungu anichagulie lililo la heri, na ile fomu yenye alama iko chini ya msala. Nilimwomba achague huku nimekalia jibu.

Sasa sikilizeni alivyofanya mwenye sikio.

Siku ile nilimpigia simu wakala wa mji wa reli, Bwana Mulenga, aliyejua Kiswahili cha Tunduma, kule mpakani. Nikaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie nilivyochagua vizuri. Bi Mwajabu alikuwa pembeni anachambua maharage.

"Nyumba iko mjini kabisa!" Mulenga alisema. "Hospitali ni hapo tu!"

Bi Mwajabu hakuinua kichwa. "Mwambie ashuke."

"Ashuke wapi, mama?"

"Kwenye kichuguu. Huyo amepanda kichuguu anatafuta mtandao. Sauti yake inachukuliwa na upepo, na tangu aanze kusema haijapita hata pikipiki moja. Mtu wa mjini hapandi kichuguu."

Nikacheka. Nikamwambia Mulenga kwa mzaha: "Bwana, mama mkwe wangu anasema ushuke kwenye kichuguu." Kisha yule bwana akasema taratibu, "Mmenionaje?"

Ikatoka yote. Ghala lilikuwa porini, kilomita sabini kutoka mjini, na nyumba yetu ingekuwa hukohuko. Pikapu ilitolewa kwa sababu bila pikapu hutoki.

Niliiona aibu inanipanda kama homa. Nikampigia magoti mama mkwe wangu. "Mama, umemwokoa binti yako na mimi. Mtoto huyu akiwa wa kike, ni wajina wako."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Nina wajukuu kumi na mmoja," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Usinitanie, mkwe."

"Sikutanii, mama."

Ahadi ya kwanza hiyo.

Mwenye mguu naye.

Ikabaki miji miwili, na mimi nikataka kurusha shilingi. Dada Kuruthumu akaninyang'anya. "Unarushia mke wako shilingi?" Kwa kuwa yeye huenda Tunduma kununua vitenge, alisema atavuka aende mbele, akajionee. Akabeba tasbihi ya marehemu baba yetu. Katika kila mji alisimama mlangoni pa nyumba tuliyoandaliwa, akatembea hadi hospitali, na kila hatua mia akasogeza punje moja.

Aliporudi alikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Mji wa daraja ni mzuri," akasema. "Maji yapo, watu wana adabu. Toka nyumbani mpaka hospitali punje ishirini na mbili."

"Basi si ndio huo, dada!"

"Tulia wewe. Katikati kuna daraja. Nikawauliza kina mama wanaofua, je, wakati wa mvua? Wakanicheka. Wakanionyesha alama ya maji kwenye mti, iko juu ya kichwa changu. Mtoto anazaliwa mwezi gani?"

"Wa pili."

"Mvua zenyewe. Basi atazaliwa mtini."

"Na Chipata?"

"Punje arobaini na moja. Ni mbali zaidi, lakini nchi kavu mwanzo mpaka mwisho. Na adhana nimeisikia njiani. Kachague Chipata, na usinibishie, maana sina mguu wa kurudia."

Ndipo nikamvua viatu. Kisigino kilikuwa kimepasuka, na ukucha wa kidole gumba haukuwepo. Mpaka leo anachechemea. Nikamwosha miguu kwa maji ya chumvi, na machozi yakanitoka, na mdomo nao ukafunguka: "Dada, akiwa wa kike, ni wajina wako."

Nilikuwa nimeshamwahidi mama mkwe? Nilikuwa nimeshamwahidi. Nilikumbuka? Nilikumbuka vizuri sana. Nikasema vilevile.

Dada, ambaye amezaa wavulana watano mfululizo, alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

Sasa mwenye mlango.

Tulishuka Chipata mchana wa jua kali, watu wanne na mizigo tisa, na Mwanahawa tumbo la miezi sita. Wakala wa pale akatupokea anakuna shingo. Nyumba yetu ina watu. Waliomo hawajahama, watahama baada ya miezi miwili, labda mitatu. Tukakaa juu ya mizigo stendi. Mwanahawa alikuwa amevimba miguu, na hakuniuliza kitu. Laiti angenigombeza.

Mara tukasikia sauti ya mwanamke: "Vitumbuwa! Vitumbuwa!"

Mwanahawa aliinuka kama aliyeitwa na mama yake. Akamfuata yule mama, akafunua ndoo, akatazama, akarudi na uso wa msiba. "Hivi si vitumbua. Ni maandazi ya mviringo."

Yule mama akacheka kwa sauti, kisha akajibu kwa Kiswahili! Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam, naye alikuwa amejifunza kutoka kwake, Kiswahili cha njiani. "Wewe dada, kula kwanza, jina tutagombana baadaye." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mwanaume, mguu ya mke yako umeona? Sasa unangoja nini hapa?"

"Tunangoja nyumba, mama."

"Nyumba inatembea? Inakuja stendi?"

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ileile tuliyonyimwa. Vyumba viwili na jiko la nje. Akatupa vyumba vyote viwili, yeye akahamishia mkeka wake jikoni. Siku tatu, tulisema. Tumekaa miezi mitatu. Na asingetufungulia, nilikuwa nimeshaamua kuipakia familia kwenye basi la kurudi, mke wangu na tumbo lile, siku mbili za barabara.

Jioni ile nilimkuta anapuliza moto na moshi umemjaa machoni. Nikamwambia, "Amai, mtoto huyu akiwa wa kike, ataitwa jina lako."

Akaacha kupuliza. "Tiyamike? Unajua maana yake? Kwenu mnasema 'tushukuru'. Utaweza kuita mtoto yako jina ya huku?"

"Nitaweza."

"Mimi sikuzaa," akasema. "Jina hii inaisha na mimi." Akarudi kwenye moto wake.

Hapo, ndugu zangu, ningeweza kusema. Ningesema, Amai, nimekosea, kuna wawili mbele yako. Sikusema. Nilijipa moyo kwamba atazaliwa wa kiume.

Amezaliwa wa kike.

Siku ya kuzaliwa kwake nilikuwa kijijini, kwenye mashine. Nilimwahidi Mwanahawa nitarudi kabla ya adhuhuri. Nikamaliza mapema, lakini wanakijiji wakaniletea mashine ya pili, wakaniita "injinia", na mimi nikabaki kwa ajili ya neno hilo moja. Simu iko kwenye koti, koti liko mtini. Uchungu ulimshika mke wangu saa nne asubuhi, mvua inamwagika, damu inatoka. Amai Tiyamike alisimama katikati ya barabara, mikono ameitanua, akasimamisha lori la mkaa. Mke wangu alifika hospitali amelala juu ya magunia.

Nesi aliniambia baadaye: "Mngechelewa kidogo tu, tungewapoteza wote wawili."

Nilipopiga simu huku na huku kueleza, niliyasikia na mengine. Siku hiyohiyo, kule mji wa daraja, daraja lilikuwa chini ya maji. Na kule ghalani kwa Mulenga, ile pikapu nyeupe ilikuwa imekwama kwenye matope tangu juzi yake.

Sasa njooni chumbani, mle alimolala Mwanahawa na mtoto kifuani.

Simu ya kwanza, Bi Mwajabu: "Wajina wangu hajambo? Mwekeni karibu nimsikie anavyopumua."

Simu ya pili, Dada Kuruthumu: "Wajina wangu ana miguu mizuri? Mtazame vidole."

Na mlangoni anaingia Amai na uji, anaimba kwa Kinyanja, na katikati ya wimbo tunasikia: Tiyamike, Tiyamike.

Mwanahawa alinitazama. "Baba Zuhura. Kwani mtoto huyu ana majina mangapi?"

Nikamweleza mbele ya Amai, simu ya dada ikiwa bado haijakatwa. Sikuwa na pa kujificha tena.

Msiniambie nimpe yote matatu. Cheti kina nafasi ya jina lake, na jina langu, na jina la baba yangu. Na siku ya saba, mbuzi wa akika akichinjwa, linatamkwa jina moja. Nililoahidi kwa kila mmoja ni hilo. Sheikh wa hapa nimemwuliza. Akasema yote matatu ni majina mema, hata hilo la kushukuru halina ubaya. "Jina nitalitamka," akasema, "lakini ahadi umezitoa mwenyewe, Swalehe. Sikuwepo."

Bi Mwajabu, alipoambiwa, amesema: "Mimi ndiye niliyeahidiwa wa kwanza. Baada yangu ulikuwa unatoa kitu ambacho si chako tena."

Dada Kuruthumu amesema: "Mpe umtakaye. Ukucha utaota." Sentensi hiyo imenichoma kuliko kama angenitukana.

Amai Tiyamike hajasema chochote. Uji analeta, mtoto anambeba, nepi anafua. Ila tangu siku ile hamwiti tena jina. Anamwita "mwana" tu, kama mtoto wa mtu aliyepita njiani.

Jana nikaona nimgeukie mke wangu. Nikamwuliza, "Wewe ungependa aitwe nani?"

Alikuwa ananyonyesha. Alingoja mpaka mtoto akaachia ziwa.

"Mji, hukuniuliza," akasema. "Jina, umewapa watu watatu, hukuniuliza. Leo umebanwa ndio unakumbuka kwamba aliyezaa ni mimi?" Akanipa mtoto nimcheulishe, akajigeuzia ukutani.

Basi ni hayo. Pasingekuwa na sikio, mke wangu angezaa porini. Pasingekuwa na mguu, angezaa ng'ambo ya mto uliofurika. Pasingekuwa na mlango, angezaa njiani, kwenye basi. Ukimtoa mmoja kati yao, hakuna mtoto wa kupewa jina. Na yupo wa nne, ambaye mimi sikumwahidi kitu, amelala ananipa mgongo.

Mbuzi amefungwa pale nje, namsikia. Kesho jua likipanda, Sheikh atampokea mtoto mikononi, ataniinamia na kuniletea sikio lake, atasema, "Haya, Baba Zuhura, anaitwa nani?"

Nyinyi mnaonisikiliza, mngekuwa mmesimama pale kwenye viatu vyangu vyenye udongo, mngenong'ona jina la nani? Na mkishalinong'ona, wale waliobaki mngewatazama kwa macho gani?