Chuma cha Luhende

“Chuma kikizidi moto hufuta jina.” Mmeisikia leo barazani, nanyi mnataka kujua ilikotoka. Wahunzi hudai kuwa ni yao, kama wanavyodai methali nyingi. Chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji cha Ng'wamala, ng'ombe walichapwa chapa baada ya mavuno, wanaume wote wakiwa zizini. Desturi ilikuwa moja: mwenye ng'ombe hashiki chuma chake, huchapiwa na mtu wa nyumba nyingine. Sababu haikuelezwa, na kwa hiyo ilidharauliwa.

Mwaka huo wezi walikuwa wamemwibia Luhende ng'ombe wake wote wa maziwa. Alibakiwa na mtamba mmoja mwekundu, mwenye mimba, na watoto wake walikuwa wakingoja azae wapate maziwa. Zamu yake ilipofika, alimpokonya chuma shemeji yake Nkwabi, akakirudisha motoni hadi kikawa chekundu.

“Kipoe, shemeji,” Nkwabi alisema. “Kikipata rangi ya majivu ndipo kinaandika.”

“Wewe hujaibiwa. Nataka chapa isomeke kutoka ng'ambo ya mto.”

Akakandamiza, wala hakuondoa upesi. Moshi ukatanda.

“Luhende, unachapa au unachoma nyama?” mmoja aliuliza. “Tulete chumvi?”

Walicheka. Kidonda kilipopona, paja la mtamba lilikuwa na kovu pana la mviringo, lisilo na alama yoyote ndani yake.

Kiangazi kilipokaza, makundi yalichanganyikana lamboni, kwenye maji ya kunyweshea, na mtamba akafuata ng'ombe wa Mhoja, mfugaji wa kijiji jirani. Luhende alimfuata huko pamoja na Nkwabi. Mhoja, ambaye naye alikuwa amepotelewa na mtamba mwekundu, aliwaita wazee wa kijiji chake.

“Nionyeshe chapa yako, bwana, umchukue sasa hivi,” alisema.

Luhende alionyesha kovu.

“Hili? Wezi ndio huchoma hivi, juu ya chapa ya mwenye ng'ombe, ili isisomeke. Huenda chini yake ni yangu.”

“Niliichoma mwenyewe! Nkwabi alikuwapo.”

“Nilikuwapo,” Nkwabi alisema.

“Wewe ni nani wake?” mzee mmoja aliuliza.

“Shemeji.”

“Basi kaa, baba. Shemeji atasema nini kingine? Hata majirani zenu watasema hivyo hivyo.”

Wazee walihukumu kwa sheria yao: ng'ombe asiyesomeka ni wa zizi alimokutwa. Huenda walikosea. Lakini hawakuwa na kitu cha kusoma, na Luhende alipewa onyo kwamba angekuwa mgeni asiyejulikana, angefungwa kamba kama mwizi.

Wakarudi bila mtamba.

“Nilitaka nisiibiwe tena,” Luhende alisema njiani.

“Hukuibiwa,” Nkwabi alijibu.

Mtamba alizaa zizini mwa Mhoja. Watoto wa Luhende walikunywa uji mtupu mwaka ule, na walipouliza kwa nini hakuna maziwa, mama yao aliwajibu kwa maneno ambayo kijiji kizima kiliyachukua: chuma kikizidi moto hufuta jina.