Ukili wa Mize

Sogeeni. Sogeeni wanangu, hata wewe uliyekaa mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa kazini. Hizo simu zilazeni kifudifudi, wanaopiga watangoja. Nyamazeni sasa mpaka tusikie mkaa unavyopasuka jikoni, maana sauti yangu siku hizi haiwezi kushindana na kitu.

Mtu mmoja alikuwa na mkono mwepesi. Jina lake Mize, mke wa Faki, na kazi yake kusuka ukili. Mnaujua ukili, au huko mjini mnakalia viti tu? Ni ule utepe mrefu wa majani ya miyaa. Unasukwa kwanza, kisha unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu hata uwe mkeka. Ukili wenyewe haukaliwi. Mama yangu alikuwa akisema, mgeni humwambii karibu, kaa juu ya utepe.

Na kushona kulikuwa na ada yake. Mshonaji anashona ukingoni, na yule anayeshonewa anakaa katikati, uzito wake uulaze mkeka. Ukishona bila mtu wa kukaa, mkeka unainuka katikati kama kawa la kufunikia chakula.

Mize alipomzaa Raya alisema, "Huyu nitamsukia mkeka wake." Akaanza. Nia ilikuwa njema, tena njema mno, na ndiyo maana hakuna aliyemzuia.

Ukili wake ulinyooka, hauna fundo wala unyuzi uliochomoza. Wanawake wakija kuazima chumvi waliushika ncha, wakaupima kwa mikono, pima kwa pima, wakatoka nao mpaka uani. "Mashallah, mkono huo!" Mize anainamisha uso, anacheka. Kesho yake anasuka zaidi. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, na hakuna aliyeuliza mkeka uko wapi. Waliuliza ukili umefika wapi. Naye mwenyewe akaanza kujiuliza hivyo hivyo.

Akasuka akila. Akasuka mtoto akimweleza ndoto yake, akiitika "enhe, enhe" mahali pasipotaka kuitikiwa. Faki akisema, "Mke wangu, jua limetua, weka chini," anajibiwa, "Namsukia mwanao, si mchezo." Mume gani atashindana na neno hilo? Akazoea kukaa juu ya gunia. Mabunda ya ukili yakajaa chumbani, yakapanda ukutani, na mwisho kitanda cha mtoto kikasogezwa ukumbini.

Jirani yao alikuwa Bi Shufaa, mjane, msukaji mbovu asiye na aibu. Mkeka wake umekwenda upande kama kaa. Lakini Raya alipenda kujilaza hapo, wakichambua mchele na kuwasengenya kuku. "Mize!" Bi Shufaa alikuwa akipiga kelele juu ya ua. "Ukili huo wa kumfunga nani? Mwezi, usikimbie?" Mize alicheka, hakuinua macho.

Alasiri moja Bi Shufaa alimwambia mtoto, "Nenda kwenu, mwanangu, mama'ko atasema nimekuiba." Na Mize, upande wa pili wa ua, mikono ikienda, akamsikia mwanawe akijibu:

"Kwetu hapana pa kukaa, bibi. Pamejaa mkeka wangu."

Mikono ikasimama. Lau mtoto angelilia, Mize angelikwenda kumbembeleza. Lakini Raya alisema bila hasira, kama mtu anayesema leo kuna mawingu.

Akainuka, akatafuta sindano. Alipofungua mabunda ya chini, yale ya siku Raya akiwa mchanga, yakamvunjikia mkononi kama majani ya chai. Yamekauka, yameliwa na dudu. Ya Raya akijifunza kutembea, nayo vivyo hivyo. Ukili uliokubali sindano ulikuwa wa siku za karibu tu. Mize akakaa kitako akalia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akapita penye uwazi wa ua.

"Raya, njoo unikalie, nishone."

Raya akamtazama Bi Shufaa, akamtazama mama yake. Msichana keshakua, miguu mirefu. "Nikae mpaka lini, mama?"

"Mpaka uchoke wewe."

Raya hakuinuka. Aliendelea kuchambua mchele wake, akitoa chuya moja moja, kama hakusikia. Mize akangoja pale pale amesimama, wala hakuita tena. Mchele ulipokwisha ungoni Raya aliinua uso, akaona jambo ambalo hakupata kuliona tangu azaliwe: mama yake yupo mbele yake, na mikono yake haina kitu. Ndipo akasimama, akapangusa nguo, akamfuata.

Mkeka ukatoka mdogo. Wakakaa wote watatu kwa kubanana, goti juu ya goti, na Faki akaapa kwamba tangu aoe hajapata kukalia kitu kipana kama kile. Wakamcheka mpaka Bi Shufaa akachungulia kuuliza kuna nini.

Msidhani Mize aliacha kusuka. Kazi si adui, wanangu, na mkono mwepesi ni neema, haitupwi. Alisuka hata uzeeni, na alisuka vizuri. Ila alikishona kila alichosuka, kabla hakijakauka.

Basi nyinyi mnaoniambia, bibi, tunahangaika kwa ajili ya watoto, sikatai. Nauliza tu: mtoto anajua?

Mize alipofariki, mkeka ule mdogo aliurithi Raya, na hata leo wanawe wanaugombania. Mabunda makavu waliyarithi panya. Na zile sifa za mkono mwepesi hazikungoja hata arobaini iishe. Alizirithi msukaji mwingine, binti wa mtaa wa chini, na wanawake wakaenda kumpimia ukili wake.