Samaki Aliyepona Madoa

Wapendwa, kulikuwa na muuguzi mmoja wa zahanati ya watoto. Pale wanaposubiri sindano aliweka tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Mmoja wao, mwekundu, mkia mpana kama khanga, ndiye aliyekuwa kipenzi cha wote. Mtoto aingie analia, akimwona yule samaki, kimya!

Siku moja samaki huyo akatoka madoa meupe. Muuguzi akamtenga kwenye tangi dogo, asiwaambukize wenzake. Akamtilia dawa kila asubuhi kwa kipimo sahihi, akamwongezea na chakula apate nguvu. Je, alikosea kumtenga? Hapana! Siku ya tano madoa yakaisha, na yule dada akapiga vigelegele zahanati nzima ikasikia.

Siku ya sita samaki kalala ubavu, mdomo juu ya maji, anatweta.

Muuguzi akaikimbilia tena chupa ya dawa. Kwa bahati mama aliyemuuzia samaki alikuwa amemleta mjukuu wake kliniki.

"Dada, weka chini hiyo chupa. Maji umebadilisha lini?"

"Maji? Si unaona yanavyong'aa? Hata mimi naweza kuyanywa."

"Haya, yanywe basi!" Mama akacheka, akatoa kichupa cha kupimia kwenye mkoba wake wa biashara, akachota kidogo, akadondoshea dawa ya kupimia. Maji yakageuka kijani. "Hiyo ni amonia. Haionekani kwa macho. Inatokana na uchafu wake mwenyewe na chakula kinachooza hapo chini. Ugonjwa ulishamtoka, dada. Kinachomuua ni haya maji uliyomfungia."

Wakatoa nusu ya maji, wakatia mengine yaliyokuwa yamekaa kwenye ndoo tangu jana yake. Kesho vivyo hivyo, keshokutwa vivyo hivyo, na chakula kidogo tu. Siku ya nne samaki akapiga mkia, muuguzi akalowa uso mzima! Aliporudishwa kwenye tangi kubwa, watoto walishangilia, hata aliyekuwa ametoka kuchomwa sindano dakika ile ile.

Sasa sisi. Mama Anyelwisye wa kwaya aliugua kifua, akatengwa, na ilikuwa sawa. Tumempelekea dawa, tumempelekea uji, tumemwombea kwa simu. Wiki ya tatu hii tangu daktari aseme haambukizi tena. Nani kati yetu ameingia chumbani kwake? Nilikwenda juzi, nikaona aibu. Aliniambia, "Mchungaji, kifua kimepona. Kinachonimaliza ni mawazo ninayokaa nayo kutwa nzima, mimi na ukuta."

Mmesikia? Sisi bado tunamtibu kifua!

Alicheka nilipomwimbia sauti ya pili vibaya. Alicheka mpaka akakaa kitandani, akanisahihisha. Saa nzima tuliimba.

Jumatatu naenda mimi. Jumanne nani? Jumatano? Inueni mikono niandike majina.

Jamani! Mikono imezidi siku za juma!