Kwa Nini Nyumba za Mavrolithi Hupakwa Chokaa

Wageni wangu, wekeni kwanza hizo kamera. Nyumba hazitahama. Kila mwaka mnashuka pale bandarini, mnapanda ngazi zetu huku mnahema, mnapiga picha kuta nyeupe na mitungi iliyo mlangoni, mnasema kijiji kizuri, kijiji kizuri. Kisha mnaniuliza mimi Despina, kwa kuwa ndimi mzee niliyekaa karibu na njia: Bibi, mbona nyumba zenu zote ni nyeupe? Yule kijana anayewaongoza huwaambia ni kwa sababu ya jua. Jua! Kana kwamba zamani halikuwako. Ketini hapo ukutani niwaeleze kama bibi yangu alivyonieleza mimi, siku tulipokuwa tukikoroga chokaa.

Zamani hizo hapakuwa na nyumba hata moja nyeupe katika kisiwa hiki. Watu waliogopa bahari, na walikuwa na haki ya kuiogopa, maana ilileta haramia. Haramia hawakutaka mafuta yetu ya zeituni wala jibini yetu. Walitaka watu wa kwenda kuwauza. Kwa hiyo babu zetu walijifunza kujificha, na wakajua kujificha kuliko walivyojua kulima. Kuta walizipaka udongo na mavi ya mbuzi hadi zikafanana na mwamba. Mbwa hawakufugwa. Majogoo walichinjwa kabla hawajajua kuwika. Mtoto alifundishwa kulia ndani ya nguo ya mama yake, na mkate ulichomwa siku za upepo tu, ili moshi upotee.

Juu kwenye ukingo wa mlima alikaa mlinzi. Akiona tanga asilolijua, alitundika ngozi ya mbuzi kwenye mti mkavu. Ngozi ikionekana, kila mtu aliingia ndani na kutia komeo, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mpaka ngozi iteremshwe, hata kama anayebisha ni mama yake mzazi. Waliliapia jambo hilo kwa mkate na chumvi. Na walijivunia. Walisema, haramia wamepita chini yetu mara tisa na hawakutuona.

Kijiji chenyewe wakati huo kilikuwa kule chini, bondeni, pale mnapoona magofu kati ya mizeituni. Huko aliishi mwanamke mmoja mjane, jina lake Argiro. Kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Alipanga mawe kwenye tanuu, akayachoma siku tatu, akayamwagia maji hadi yakachemka na kutulia yakawa uji mweupe. Chokaa hiyo ilipakwa ndani ya visima vya maji ya mvua, yasivuje. Ndani tu. Kupaka kitu cheupe nje, mahali jua linapofika, kulikuwa sawa na kuwaita haramia kwa majina yao.

Argiro alikuwa na mtoto mmoja, binti, Kaliroi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwenye mikono ya nguvu kama ya mama yake, kwa maana tangu utotoni alibeba mawe ya tanuu. Majira ya kiangazi vijana wa kijiji walikuwa wakishuka pwani kukusanya chumvi inayokauka kwenye mashimo ya miamba. Asubuhi moja walishuka kumi na wawili, na Kaliroi akiwa mmojawao, pamoja na Nikitas, mwana wa Mzee Stratis aliyekuwa mkuu wa kijiji. Jahazi la haramia lilikuwa limejibanza nyuma ya rasi, mlinzi hakuliona. Wote kumi na wawili walichukuliwa. Vikapu vya chumvi vilibaki pale pale juu ya mwamba.

Kijiji kililia siku tatu, ndani ya nguo, kama kilivyojifunza. Siku ya nne Mzee Stratis aliwakusanya watu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema, waliochukuliwa wanaijua njia yetu na visima vyetu. Watapigwa, na aliyepigwa husema. Lazima tuhame. Aliyasema hayo yeye ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwao, na kwa sababu hiyo watu walimsikiliza. Walibomoa nyumba zao kwa mikono yao. Walivijaza visima mawe, ili haramia wakija wasipate maji. Njia ya kupandia waliivunja. Wakajenga upya huku juu, penye mwamba mweusi, na nyumba mpya zikafanana na mwamba kiasi kwamba mbuzi wenyewe walipotea wakirudi jioni.

Argiro alihama wa mwisho. Alisimama mlangoni kwake na bakuli la chokaa mkononi.

"Mzee Stratis," alisema, "niache nipake kizingiti tu. Doa moja. Akirudi ajue kwamba tuko hai."

"Mama Kaliroi, aliyechukuliwa na bahari harudi."

"Na akirudi?"

Mzee Stratis hakumfokea. Alikuwa mtu aliyevunjika kama yeye. Alisema, "Alama ya mwanao ni njia ya haramia. Utawaua watoto wa wenzako kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kwenda?"

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini pale kila mtu alikuwa mzazi, na kila mtu alimtazama. Argiro akaimwaga chokaa chini ya mzeituni, akalifuta bakuli kwa aproni yake, akapanda mlima pamoja na wengine.

Miaka saba ilipita. Haramia walikuja mara mbili, wakakuta magofu, wakaondoka, na watu wakampongeza Mzee Stratis kwa busara yake. Siwezi kumlaumu. Mimi na ninyi tungempongeza pia. Tahadhari kabla ya hatari, nani atabisha?

Kisha ikaja siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, ngozi ya mbuzi ikatundikwa. Jahazi la haramia lilikuwa linaingia pwani, tanga lake la kahawia limepasuka katikati. Watu waliingia ndani, wakatia makomeo. Baada ya muda wakasikia sauti za watu kutoka magofuni. Zilikuwa zinaita. Upepo ulizikatakata, lakini majina yalisikika. Ziliita Stratis. Ziliita Argiro.

Sasa mjue jambo moja. Ilikuwa imewahi kutokea katika kijiji kingine cha kisiwa hiki kwamba haramia walimleta mateka, wakamlazimisha aite, na walioitika wote wakafungwa kamba. Kila mtoto aliijua habari hiyo. Kwa hiyo nyumba zote zilinyamaza, na kila nyumba iliamini kwamba kunyamaza ni wema.

Argiro aliisikia sauti ya binti yake. Bibi yangu hakulificha hilo, nami sitalificha. Ilikuwa imekua, imekuwa nzito, lakini aliitambua. Aliweka mkono kwenye komeo. Aliushikilia pale mchana ule wote, wala hakulivuta, kwa sababu ya kiapo, na kwa sababu nyumba ya pili kulikuwa na mtoto mchanga. Siku ya pili sauti zilikuwa chache. Siku ya tatu hapakuwa na sauti. Ngozi iliteremshwa siku ya nne, kwa kuwa jahazi lilikuwa bado pwani na hakuna mtu aliyeonekana akilishughulikia.

Wakashuka. Kulikuwa na watu watano tu, wote wetu. Walikuwa wameliiba jahazi mahali walipofungwa, wakasafiri siku tisa, na maji yaliwaishia siku ya nane. Walikuja moja kwa moja kwenye visima walivyovijua tangu utoto, wakakuta mawe. Mzeituni ulio mbele ya mlango wa Argiro ulikuwa umeanguka juu ya ukuta, na kivulini mwake alikuwa amelala Nikitas, mwana wa Mzee Stratis, amekufa. Kaliroi alikuwa kisimani. Alikuwa ameyatoa mawe peke yake, siku mbili, hadi kina cha mtu mzima, na kucha zake hazikuwapo tena. Wanaume walishuka kisimani kumtoa. Walipoondoa jiwe alilokuwa amelikumbatia, na mengine mawili chini yake, maji yakaonekana.

Mmoja alikuwa bado anapumua, mwanamume aitwaye Manolis. Walimtia maji midomoni kwa kitambaa, akaweza kusema kidogo. Alisema, "Sisi tulitaka kurudi jahazini, tukatafute maji kisiwa kingine. Tuliona hapa watu wamekufa wote. Kaliroi alikataa. Alisema, mama yangu hawezi kuhama bila kuniachia alama. Alizunguka nyumba kutwa nzima akiitafuta."

 Mzee Stratis aliketi chini, akakipakata kichwa cha mwanawe mapajani.

Walizika siku hiyo hiyo, kwa sababu ya joto. Na watu walipokuwa bado makaburini, Argiro aliondoka. Alipanda hadi kwenye tanuu, akachota ndoo ya chokaa iliyokuwa inangoja visima, akachukua ufagio mfupi wa kufagilia jivu, akaanza kuipaka nyumba yake. Nje. Mchana kweupe, upande unaotazama bahari. Alianza na kizingiti, akafuata ukuta, na udongo wa miaka saba ukafunikwa.

Watu walikuja mbio. Mwanamke wa nyumba ya pili, yule mwenye mtoto mchanga, alimshika mkono akilia. "Argiro, dada yangu, utatuua! Wataliona hili kutoka nusu ya siku ya safari!"

"Ndiyo," Argiro alisema. "Nataka lionekane."

Wakamtazama Mzee Stratis amzuie. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kumzuia, na alikuwa amemzuia mara moja. Alikuja polepole, mikono yake ikiwa bado na udongo wa kaburi. Alisimama mbele ya ukuta ule mweupe. Kisha akasema, "Mama Kaliroi, kuna ufagio mwingine?" Hakuwa nao. Alivua shati lake, akalichovya kwenye ndoo, akaenda kuipaka nyumba yake kwa shati.

Ilichukua siku tano. Tanuu liliwashwa tena, kwa kuwa chokaa iliisha, na safari hii moshi uliachwa uende utakako. Walipomaliza nyumba waliijenga tena njia waliyoivunja, wakapaka kingo za ngazi zake, moja baada ya nyingine, toka huku juu hadi kwenye maji, mtu akitokea baharini asitafute njia. Visima vyote vya bondeni vilifukuliwa. Makomeo yaling'olewa. Na kila mlango uliwekewa mtungi wa maji na kikombe, nje, bila mlinzi.

Mtaniuliza, je, haramia walikuja? Walikuja. Sitawadanganya ili mlale vizuri hotelini. Walikuja mara mbili katika maisha ya Argiro, watu wakapigana nao kwenye ngazi hizo mlizopanda, na wengine walikufa. Majina yao yamechorwa kanisani. Lakini hakuna aliyesema turudishe udongo. Mzee Stratis alipokuwa akifa aliulizwa kama alijuta, akasema anajuta miaka saba.

Na tangu siku hiyo nyumba za Mavrolithi ni nyeupe, na vijiji vingine vya kisiwa vilituona, vikafuata. Kila mwaka, kabla ya Pasaka, tunapaka upya. Hatuanzi na nyumba ya tajiri wala ya kasisi. Anaanza yule mwenye mtu aliye mbali, na anaanza na kizingiti. Kisha tunashuka wote bondeni, kwenye yale magofu, tunapaka kizingiti kimoja kisicho na nyumba. Mmekipiga picha leo asubuhi, nimewaona, na mkacheka kwamba tunapaka mlango wa hewa. Sikuwakasirikia, hamkujua. Na ninyi mnywe maji hayo ya mtungi kabla hamjashuka, ni yenu. Atakayemaliza ajaze.

Mwanangu Yanis yuko Australia. Mwaka huu ni wa thelathini na moja. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, halafu kila Pasaka, na sasa sijui. Kwa hiyo hapa kijijini mimi ndiye ninayeanza kupaka, na hakuna anayeniomba zamu. Bega langu la kulia halinyanyuki tena, ndiyo maana mnaona ukuta wangu ni mweupe hadi hapo kifuani, na juu yake pana weupe wa mwaka juzi. Vijana walitaka kunimalizia, nikawafukuza. Lakini tazameni kizingiti. Kizingiti nimekipaka mara mbili.