Kigelegele Kizimbani

Hapo zamani, enzi zile madirisha ya Mahakama ya Mwanzo ya Mbaluka yalipokuwa yanafungwa kwa makomeo ya nje, alipangiwa kazi huko hakimu mmoja kijana, mwanamke, jina lake Tusajigwe. Alitoka chuo kikuu na sheria zote kichwani na hofu zote tumboni. Mhudumu akishafuta meza, yeye huifuta tena. Kalamu yake huinyoosha mpaka ilale sambamba na ukingo wa meza. Kisha hujiuliza: leo wakinicheka, nitafanyaje?

Nao watu wa Mbaluka walipenda kucheka.

Mahakama ilikuwa juu ya kilima, katikati ya vilima viwili. Huku Lutete, kule Ndobola, na kote kote migomba na ukungu. Siku moja ikasikilizwa kesi ya fahali. Fahali wa Mzee Ambakisye aliingia shamba la maharage la akina mama wa Mbaluka. Akala, akalala, akaamka, akala tena. Basi akina mama wote wakaja mahakamani. Jikoni hakubaki mtu, kisimani hakubaki mtu.

Kizimbani akapanda shahidi wa kwanza, Sekela, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto akageuka.

"Fahali huyu ulimtambuaje?" akauliza hakimu.

"Kwa tabia, Mheshimiwa. Amefanana na mwenyewe. Akishiba hasemi asante."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Ambakisye, pale alipokaa kama mshtakiwa, akacheka kuliko wote. Tusajigwe akainyoosha kalamu.

"Endelea, shahidi. Siku hiyo uliona nini?"

"Niliona, Mheshimiwa, mkia wake ukitokea kwenye..."

Sekela akanyamaza. Kutoka Lutete, mbali, chembamba kama uzi, kilikuwa kinakuja kigelegele. Akina mama wote wakainua shingo. Sekela akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, akafumba macho, akapiga kigelegele kirefu hata vumbi la darini likashuka.

"Kimya!" hakimu akapiga meza. "Hapa ni mahakamani!"

Kabla hajamaliza neno, kigelegele cha pili kikamlipukia sikioni. Hakikutoka kwa watu. Kilitoka mezani pake, kwa Mama Tumpale, mshauri wa mahakama, mama mwenye mvi aliyeketi kulia kwake.

"Mama Tumpale! Hata wewe?"

"Hata mimi, mwanangu. Mheshimiwa, nilitaka kusema."

Chumba kizima kikacheka. Tusajigwe akahisi masikio yanawaka moto. Sasa wamenicheka, akawaza, na mahakama imenifia mikononi. Akamgeukia askari wa mlangoni, Koplo Anyimike, binti mrefu asiyecheka ovyo.

"Koplo, funga madirisha yote!"

"Ndiyo, Mheshimiwa!"

Koplo akatoka nje. Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine, paa, paa, paa. Ndani pakawa giza kidogo na kimya kingi. Koplo akarudi, akasimama mlangoni, uso mkavu.

Hakimu akawashtaki wale wawili palepale kwa kosa la kudharau mahakama. Sheria aliijua neno kwa neno. Kosa likitendeka mbele ya hakimu, awasikilize waliotenda, kisha aamue siku hiyohiyo kabla mahakama haijainuka. Anaweza kuonya, anaweza kutoza faini, anaweza kuweka ndani. Na jambo jingine alilijua, maana alishaona kwingine: mashauri ya namna hii huishia kwenye radhi. Mtu huinamisha kichwa, hakimu humkaripia, na wote huenda kula. Hicho ndicho alichokitamani. Neno moja tu.

"Sekela, una neno? Ukiomba radhi, nitalifikiria."

Sekela akatikisa kichwa. "Niweke ndani, Mheshimiwa. Radhi siwezi."

"Mama Tumpale?"

"Nami niweke ndani, ila nichague blanketi. Radhi siwezi."

"Hamwezi au hamtaki?"

Mama Tumpale akamwinamia, akasema taratibu kama anayemweleza mjukuu. "Umekulia mbali, mwanangu, nani atakulaumu? Kigelegele kile ni cha uzazi. Lutete kuna mtoto amezaliwa, na bibi yake mzaa baba yuko Ndobola. Bibi hatoki kwake mpaka kigelegele kimfikie, mdomo kwa mdomo, kilima kwa kilima. Mpaka yeye afike, mtoto hatolewi nje kuliona jua, wala hapewi jina. Mwanamke akikisikia, hukipokea. Na aliyekipiga hakiombei radhi. Ukikiombea radhi, umemwambia mtoto: samahani, umezaliwa."

Hakimu akainyoosha kalamu. Ilikuwa imenyooka tayari.

Akiwaachia bila radhi, kesho watu watakuja na ngoma mahakamani. Akiwaweka ndani, amewafunga kwa sababu mtoto amezaliwa. Akiwalazimisha radhi, mtoto asiyemjua ataibeba maisha yake yote. Na kigelegele chenyewe kimezimika humu ndani, madirisha yamefungwa, bibi wa Ndobola hana habari. Tusajigwe akatamani kurudi chuoni.

Hapo Mzee Ambakisye akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mimi naomba radhi."

"Wewe umefanya nini?"

"Leo? Sijafanya kitu. Ndiyo maana naweza. Radhi ikitoka kwenye kinywa kilichopiga kigelegele, itamfuata mtoto. Kinywa changu hakikupiga. Radhi yangu itaishia humu chumbani. Naomba radhi kwa kelele, kwa niaba ya mama hawa ambao wamekuja hapa kunishtaki."

"Usidhani tutayasahau maharage!" Sekela akamwambia.

"Sidhani, mama. Natumaini tu."

Watu wakacheka, na safari hii kitu kikamtekenya Tusajigwe kwenye kona ya mdomo. Akawaza upesi. Sheria inataka heshima ya mahakama irudishwe. Haikusema irudishwe na mdomo wa nani. Akasimama.

"Mahakama imepokea radhi ya kelele. Radhi ya furaha haikuombwa, na mahakama haiidai. Sekela, Mama Tumpale, mmeonywa. Shauri la kudharau limekwisha. Koplo, fungua madirisha."

Madirisha yalipofunguka, wote wakashangaa. Njia ya kutoka Ndobola ilikuwa imejaa wanawake, wanakuja mbio wakipunga majani ya migomba, na mbele yao Bibi Syabumi, nyanya wa mtoto, anacheza na fimbo yake ikiwa begani.

"Nani alimfikishia habari?" hakimu akauliza. "Si madirisha yalifungwa?"

Koplo Anyimike akapiga saluti. "Mimi, Mheshimiwa. Uliniamuru kufunga madirisha, nikayafunga. Lakini yanafungiwa nje. Na nilipokuwa nje, sikuwa mahakamani. Nilikuwa nimekipokea kutoka kwa Mama Tumpale. Kila komeo nililolipiga paa, nilipiga na kigelegele, mkisikia paa tu."

Bibi Syabumi akaingia hadi mbele ya meza. Hakusalimu mtu. Desturi ilimtaka arudishe kigelegele kwanza, kipokewe, kifike Lutete, mama mzazi ajue kwamba bibi yuko njiani na mtoto atayarishwe kuliona jua. Akakipiga. Kisha akangoja.

Hakuna aliyekipokea. Sekela alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mama Tumpale alikuwa ameng'ata shuka lake. Wameonywa, na mahakama bado haijainuka. Wote wakamtazama hakimu. Bibi Syabumi naye akamtazama, na uso wake ukaanza kupoa.

Tusajigwe akaishika kalamu. Akaiachia. Ikaviringika, ikaanguka sakafuni, na hakuiokota. Akafungua mdomo, akapiga kigelegele.

Hakikuwa kizuri. Kilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, kikakatika katikati, akakiokota, akakimaliza. Lakini Lutete kilifika. Kutoka ng'ambo wakakijibu, na mahakama nzima ikalipuka kwa shangwe.

"Ndaga! Asante, mwanangu!" Bibi Syabumi akasema, akikausha macho. "Sasa nielezeni. Aliyekifikisha kigelegele ndiye hutoa jina la mtoto. Nani alikifikisha?"

"Ni mimi," akasema Sekela. "Nilikianza kizimbani, kiapo kikiwa bado cha moto. Nisingekipokea, Mbaluka ingebaki kimya."

"Ni mimi," akasema Mama Tumpale. "Wewe ulikuwa shahidi, utarudi nyumbani. Mimi nilikuwa mezani, nikakiweka kiti changu rehani. Na Koplo alikipokea kwangu, hakukipokea kwako."

"Ni mimi," akasema Koplo Anyimike. "Nyinyi mlikipiga kikagonga ukuta. Masikio ya bibi yalisikia sauti yangu."

"Sauti ya kujificha nyuma ya komeo!" Sekela akamtania.

"Ni mimi," akasema Mzee Ambakisye. "Msinicheke. Kigelegele kikiombewa radhi kimekufa. Nani aliibeba radhi ili kisife?"

"Mzee, fahali wako amekula maharage yetu, sasa wewe unataka kula na jina?" akadakia Sekela.

"Na hakimu je?" akauliza Bibi Syabumi. "Bila yeye kurudisha, ningekuwa bado nimesimama hapa kama mgeni asiyekaribishwa. Tena amepiga kigelegele ndani ya mahakama yake mwenyewe. Nani atamwonya?"

Tusajigwe akacheka. Akacheka kwa sauti, mbele ya wote, na dari halikumwangukia.

"Mheshimiwa, basi tuamulie," wakasema.

"Siwezi. Nami ni mdai," akasema. "Hakimu haamui kesi yake."

Akatangaza mahakama imeinuka, akaacha kalamu sakafuni, akatoka na wenzake kuelekea Lutete. Njia nzima walibishana, na njia nzima walicheka. Sasa wamefika. Mama mzazi yuko kizingitini na mtoto wa kike mikononi, jua limepasua ukungu, na bibi ametandika mkeka. Mtoto anapepesa macho, anangoja kuitwa.

Basi nyinyi mliokaa hapa, msitazamane. Yupo aliyekianza kizimbani, yupo aliyekipokea mezani, yupo aliyekivusha, yupo aliyekikinga, yupo aliyekirudisha. Jina ni moja.

Je, nani alistahili kulitoa?