Bi Nyamizi na Tangi Lililodondosha Moto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, na wali mmekula? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na tangi la chuma la kukinga maji ya mvua, limesimama juu ya miguu minne. Na mashine ya kuchomelea ilikuwepo. Nani anacheka huko nyuma? Zamani hii ni yangu, naijua mimi.

Basi, tangi likapasuka kitako. Na mawingu yamekwisha kutanda! Mvua ikipita halijazibwa, wanawake watarudi mtoni, asubuhi mpaka adhuhuri, ndoo kichwani, mwaka mzima.

Akaja fundi Shigela, hodari wa kuchomelea mezani, na mdomo anao. "Kazi ndogo hii!" Akawasha moto wa juu kabisa, ule unaorusha waya wa kuchomelea ulioyeyuka kama manyunyu. Akaingia chini ya tangi, akachomelea kwa kuelekea juu.

Shwaaa! Chuma kikayeyuka, kikadondoka. To! kwenye kofia. To! kwenye kiatu. "Mama yangu weee!" Akacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Akarudia. Shwaaa! To! To! To! Ufa ukawa tundu la kupitisha ngumi.

"Waya mbovu huu," akasema. Akataka kuongeza moto!

Hapo akafika Bi Nyamizi, mchomeleaji mzee aliyemfundisha hata baba yake Shigela.

"Mjukuu wangu, uji wa moto ukiurusha darini, utakaa?"

"Hautakaa, bibi."

"Sasa wewe unafanya nini? Mezani chuma kimelala, ndiyo maana hakidondoki. Na hili tulilaze. Leteni kamba!"

Kijiji kizima kikashika kamba. Harambee! Hee! Harambee! Hee! Tangi likashuka, likapinduliwa, kitako juu. Shigela akaweka kiraka, akapiga moto uleule. Shwaaa! Mshono ukalala vizuri, laini.

Tangi likapandishwa. Likabaki bomba la kutolea maji, nalo lazima lichomelewe palepale, chini ya tangi. Shigela akachungulia chini, akashika kofia yake.

"Hili haligeuziki, bibi."

"Basi punguza moto. Choma kidogo kidogo, chuma kigande kabla hakijadondoka."

Cha-cha-cha-cha! Kama dagaa kikaangoni. Halikuanguka hata tone.

Mvua ikapiga siku mbili. Ilipokatika, watu wakajipanga chini ya tangi, viganja wazi, wakingoja livuje. Wapi! Pakavu kabisa. Vigelegele vikapasua anga.

Shigela akafungua bomba, akampa Bi Nyamizi kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Bibi akanywa, akatabasamu.

"Maji matamu, fundi. Na kofia yako hiyo usiitupe. Ina matundu mazuri, nitachujia chai."

Funzo ndilo hilo, wanangu. Kazi ikikudondokea kichwani, usiongeze moto. Igeuze kazi. Ikikataa, geuka wewe.

Ngano yangu naitua hapa. Haya, chai iko wapi? Chujio lipo.